Mstari Kwenye Bomba Tupu

Mstari ulitokea Jumatano mchana, na Jumatano hiyo hiyo, kabla jua halijashuka, dadangu Kanyiva akazaa. Kwa hivyo niliposhuka basi pale mtaani kwetu Baba Dogo na habari yangu, nilikutana na habari ingine ikinikimbilia. Lakini yangu ndio niliitoa kwanza. Hata sikuuliza kama mtoto ni msichana ama mvulana.

Wacha niwaambie hiyo mstari ni ya nini, kwa vile mtaani kila mtu ashaisema kivyake.

Mimi nimemaliza chuo, somo la fizikia, na sasa nasaidia Daktari Owino kwa labu yake. Daktari ametengeneza mashine ambayo ukiiona utafikiri ni ya kusaga. Kuna bomba la shaba, la pembe nne kama fremu ya dirisha, refu kama vitanda viwili vikiwekwa kichwa kwa miguu. Upande mmoja kuna kidude kilitolewa kwa rada ya zamani, kinatuma mawimbi yanaitwa maikrowevu. Upande wa pili kuna kingine kinasikiza. Katikati unafyonza hewa yote na pampu, halafu unaingiza mvuke kidogo sana, wa kitu unataka kujua. Molekuli hazikai chini. Zinazunguka kama pia ya watoto, na kila aina ina mwendo wake. Unabadilisha wimbi polepole, polepole, na ukigonga lile linalingana na mwendo wao, wanalimeza kidogo, na kalamu inaruka kwa karatasi. Huo mruko ndio mstari. Ukipima mistari vizuri unaweza kusema molekuli ina urefu gani na imekaa aje, na hakuna mtu amewahi kuiona na macho.

Sisi tulikuwa tunatafuta mbili zimeshikana. Asidi mbili: ya kwanza ni ile inakuwasha siafu akikuuma, na ya pili ni kama dada mkali wa siki. Zikipoa sana, moja inaegemea ingine, na hidrojeni inakaa hapo katikati kama daraja. Zikipata joto zinaachana. Ndio maana bomba linalazwa ndani ya karai refu la bati, na karai linajazwa spiriti na barafu kavu, ile ya wauza aiskrimu wa baiskeli.

Sasa wiki hiyo spiriti ya labu iliisha. Na raba ya pale bomba linaungana, ilikuwa imechoka. Ofisi ikasema tungoje. Mimi kungoja siwezi, hata Mami anajua. Shemeji yangu Matheka, bwana ya Kanyiva, ni mchongaji, yuko na wenzake soko la Gikomba, na polishi ya vinyago inachanganywa na spiriti. Nikamwomba, akanipa debe dogo. Raba nikakata mwenyewe kutoka kwa tyubu kuukuu ya gari, na mkasi, na nikajiona fundi kabisa. Jumatano nikapoza bomba, nikaingiza asidi zote mbili, na kalamu ikaruka. Nikamwaga spiriti, nikawacha bomba lipate joto, mstari ukapotea. Nikapoza tena, ukarudi. Daktari hakuwa. Nilicheza pale kwa labu peke yangu mpaka sweta ikafunguka kifungo.

Dukani kwa Mama Abukar ndio nilianza. Jina lake ni Qamar, lakini mtaani ni Mama Abukar, na duka lake liko pale tu kona ya kuingia kwetu.

"Mama Abukar, nimeona kitu hakuna mtu ameona dunia nzima."

"Mwanamume?"

"Molekuli. Mbili, zimeshikana."

"Afadhali ungeona mwanamume." Alikuwa anapima sukari, hakuinua macho. "Na hizo mbili zimeoana?"

"Zinaegemeana tu."

"Basi hiyo hata hapa iko. Enda kwenu, dadako amejifungua."

Nikaenda, lakini njiani nikaambia wamama wa mfereji, nikaambia mwinjilisti wa kanisa letu, nikaambia Tobias fundi wa viatu. Kufika plot, pale kwa vyumba vyetu vya kupanga, Matheka alikuwa amekaa nje ya mlango kwa stuli, anapiga twiga wa mti msasa ili mikono isikae bure. Wanawake walikuwa ndani na mkunga. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia yote, na yeye, kwa vile ni mtu wa kusikiza, akaacha msasa.

"Hizo mbili zinashikana aje?" akauliza.

"Unajua wewe na Tobias mkipashana moto wa sigara? Hamjashikana mkono. Mmeinamiana tu, na moto uko katikati. Lakini mtu akisukuma mmoja, yule mwingine anayumba. Sasa mashine inasikia vile mnayumba pamoja."

Akafikiria. "Na Wazungu hawajaiona?"

"Hii mbili, hapana. Ni mimi wa kwanza."

"Na spiriti yangu ilikuwa hapo?"

"Bila spiriti yako hakuna kitu, shem."

Akatabasamu, na Matheka si mtu wa kutabasamu, tangu mwaka jana sana sana. Mwaka jana ndio dadake alikufa, Nthoki. Nthoki alikuwa anashona mashati kwa kiwanda hapo Ruaraka, na ni yeye alimtoa Matheka kijijini akamlea kwa chumba chake kama mtoto wake. Malaria ilimchukua kwa haraka, hata hawakuagana.

Akainuka na twiga mkononi, akasimama kwa mlango, akasema ndani pale kwa pazia, "Kanyiva, nimeamua. Mtoto ataitwa Nzilani."

Nzilani ni mimi.

Niwaambie vile kwetu Wakamba iko. Mtoto anapata jina siku ya tatu, mbele ya wanawake. Wanne wa kwanza ni majina ya babu na nyanya, pande zote mbili, hiyo haina maneno. Kanyiva alikuwa na wanne tayari, wamemaliza. Wa tano ndio baba anaweza kumpa jina la dada ama ndugu, na kila mtu kwa plot alikuwa anajua ni jina gani Matheka ameweka.

Sauti ya Kanyiva ikatoka kwa kitanda, imechoka. "Si ulisema Nthoki?"

"Nthoki atangoja mwingine."

"Mwingine gani? Mimi nimefunga duka."

Wanawake wakacheka. Mami akapiga vigelegele. Na mimi nikafanya nini? Nikasema asante, shem. Nikaingia ndani nikabeba mtoto, nikamwangalia pua, nikasema kweli tunafanana.

Alhamisi asubuhi nilienda labu nimevaa ile rinda ya kanisa. Daktari Owino alikuwa amerudi. Nikamtandazia karatasi kwa meza, naye akaangalia sana, akashika kidevu.

"Vizuri," akasema. "Sasa toa asidi moja tuone."

Nikatoa moja. Mstari ukabaki.

"Toa na ingine."

Nikafunga chupa zote, nikapiga pampu mpaka karibu saa sita, mpaka mshale wa presha ukalala kabisa. Ndani ya bomba hapakuwa na kitu. Nje, karai limejaa spiriti na barafu, linatoa moshi. Nikapitisha wimbi polepole. Kalamu ikatembea, ikatembea, na pale pale ikaruka.

Daktari alienda kwa rafu, akarudi na kitabu kikubwa cha mistari ya vitu vyote vinajulikana, akaweka kidole, akanigeuzia. Ilikuwa metanoli. Hiyo sumu iko ndani ya spiriti.

"Spiriti ilitoka wapi?"

"Kwa shemeji."

"Na hii raba?"

Nikamwambia. Alichovya koleo kwa karai akaitoa, akaigonga kwa meza, nayo ikalia kama kisigino cha kiatu.

"Tyubu ya gari ikipata baridi hii inakauka, inajikunja," akasema. "Inaacha mwanya. Spiriti inaingia. Ukitaka joto unamwaga spiriti, na mstari unapotea, wewe unafikiri wale wawili wameachana."

"Ndio, Daktari."

"Bomba tupu ndio unapima kwanza, Nzilani. Kabla ya kitu chochote."

"Ndio."

"Hiyo tunafundisha fasti-ya, mwaka wa kwanza."

Nikaokota ile raba kwa meza.

Hakuwa amekasirika, na hiyo ndio mbaya. Alifunga kitabu pole pole. "Si kitu. Tutaagiza raba ya maana, tutaanza upya. Bora haikutoka nje. Hujaambia mtu?"

"Hapana, Daktari."

Niliitoa hiyo uongo hata kabla hajamaliza kuuliza. Nimeambia kondakta wa basi. Nimeambia mwinjilisti, na ninajua ataiweka kwa maombi ya Jumapili. Lakini sikuwa nafikiria mwinjilisti. Nilikuwa nafikiria mtoto amelala pale Baba Dogo hana jina, na kesho ni siku ya tatu.

Njia yote nilijiambia, ukifika tu, unasema. Unamwita Matheka kando, unamwambia shem, nilikosea, rudisha jina la dadako. Maneno kidogo tu. Lakini Mama Abukar aliniona kutoka mbali, akatoka nje ya duka na sahani ya halwa imefunikwa.

"Hii ni ya wajina," akasema. "Msichana wangu Jawahir ameanza kusoma hesabu tangu jana bila kupigwa. Anasema anataka kuona molekuli."

"Mama Abukar, hiyo molekuli..."

"Chukua sahani, mkono unaniuma."

Nikachukua. Sijui ni kwa nini mtu akikupa kitu mkononi mdomo unafungika.

Nyumbani nilikuta viatu vya mgeni kwa mlango. Mamake Matheka amekuja na basi kutoka Masii. Mama mzee, mwembamba, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, na sisi wote tunamwita Susu, yaani nyanya. Alikuwa amekaa kwa kiti cha Mami, kile kizuri, na mtoto kwa mapaja. Matheka alimtumia ujumbe na dereva, ili jina la marehemu lisirukwe bila yeye kujua.

"Ndio huyu?" Susu akauliza.

"Ndio huyu," Mami akasema, na akanishika bega kama mtu anauza ng'ombe.

Susu akaniangalia. "Nimeambiwa umefanya kitu Wazungu wameshindwa."

Hapo. Hapo ndio mahali. Matheka alikuwa amesimama kwa dirisha, mtoto amenyamaza, hakuna kelele. Nikafungua mdomo.

"Ni kitu kidogo tu, Susu," nikasema.

"Hapana, usijishushe." Akapangusa mtoto mdomo na kona ya leso. "Nilikuja nimekasirika, sitakuficha. Nthoki ni wangu wa kwanza. Lakini kwa basi nikafikiria, nikasema wazima wana haki yao. Nthoki mwenyewe alikuwa anapenda watu wa shule. Angekubali."

Nikasema naenda kuteka maji. Kwa mfereji nilisimama na mtungi ukajaa, ukamwagika, na mwanamke nyuma yangu akaniambia, "Profesa, funga mfereji."

Ijumaa wanawake walijaa. Wengine walikuwa kwa kitanda, wengine chini kwa mkeka, na uji unazunguka, na nyama kwa sinia. Wanaume nje, lakini Matheka aliruhusiwa kusimama kwa mlango juu ni yeye anataja jina. Mama Abukar alikuja na buibui yake mpya, akakaa karibu na Susu, wakaelewana bila lugha. Mami alikuwa amealika mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Kila mtu akiingia, Mami alimwonyesha mimi kwa macho.

Mkunga akamshika mtoto. Akasema vile wanasema, kwamba mpaka leo alikuwa mgeni, na leo anaingia kwa watu. Halafu akaniita.

"Kuja ubebe wajina wako."

Nikabeba. Alikuwa na joto, na mzito kuliko Jumatano. Alikuwa amefungua macho. Mkunga akamgeukia Matheka. "Baba, huyu ni nani?"

"Ngoja," nikasema.

Wote wakaniangalia wakitabasamu, wakifikiri nataka kuhutubu.

"Ule mstari si wenyewe," nikasema. "Ni ile raba. Nilikata tyubu, na tyubu kwa baridi inajikunja, kwa hivyo ile spiriti ya karai ikawa inaingia, na spiriti iko na mstari wake kwa kitabu, uko karibu na mahali tulikuwa tunatafuta, lakini mimi sikupima bomba tupu, na ilikuwa nipime bomba tupu kwanza..."

Nilikuwa naongea haraka, vile mimi huongea. Nikaona nyuso zinanifuata na upole, kama mtu anasikiza Kizungu kwa redio.

"Nzilani," Mami akasema, bado anatabasamu na meno. "Hayo ya shule utatuambia baadaye. Mtoto anangoja."

"Mami, sikuona kitu."

"Baadaye, nimesema."

"Kwani ni nini?" Mama Abukar akauliza. "Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Ni mimi. Hakukuwa na mbili zimeshikana. Ndani ya bomba hakukuwa na kitu."

Mwenyekiti wa kanisa akaweka kikombe chini. Mwanamke mmoja kwa mkeka akanong'ona, na mwingine akacheka kwa mkono, na Mami akasikia. Niliona vile uso wake ulijifunga. Angeweza hata sasa kusema huyu msichana wangu ana homa, msimsikize, na walikuwa tayari kumwamini. Kwa hivyo nilimwangalia Matheka, nikaacha bomba, nikaacha tyubu.

"Shem," nikasema, "nilichoona ni spiriti yako. Ni hiyo tu. Usinipe hilo jina. Mpe Nthoki."

Matheka hakusonga. Alikuwa anaangalia mtoto, si mimi. Nikajua anajiona vile wanawake wote wanamwona, mwanamume amemruka dadake kaburini kwa sababu ya debe la spiriti.

Ni Susu aliinuka. Magoti yalimsumbua, Mama Abukar akamsukuma kidogo. Akaja, akachukua mtoto kutoka kwangu, bila ukali, vile mtu anachukua mtungi kwa mtoto kabla haujaanguka.

"Huyu ni Nthoki," akasema.

Mkunga akarudia. Wanawake wakapiga vigelegele, ya kutosha, lakini si kama ya Jumatano. Sinia ikaanza kuzunguka tena. Wakaongea juu ya mvua ya Masii, na bei ya mkaa, na hakuna mtu aliniita Profesa. Mami alinipita na birika kana kwamba mimi ni mlango. Mwenyekiti wa kanisa ndio alinionea huruma, akanipa vikombe vichafu nikaoshe nje.

Nilikuwa nimechuchumaa kwa beseni Matheka alipokuja. Hakukaa. Alisimama, mikono mfukoni.

"Ulijua lini?"

"Jana. Saa sita."

"Jana uliingia hapa mama yangu amekaa."

"Ndio."

"Ukamsikia akisema yale maneno."

Nilikuwa naosha kikombe kimoja tangu afike. "Nilitaka kusema."

"Alilia kwa basi, unajua? Dereva aliniambia. Kutoka Masii mpaka Athi River, analia, akijizoesha kunikubalia." Akavuta pumzi. "Kosa la mashine mimi naelewa. Mti pia unaweza kupasuka umemaliza kuchonga. Lakini ule mti sitauza kwa mtu nikijua umepasuka."

"Nisamehe, shem."

"Nitakusamehe," akasema. "Lakini si leo."

Nilitaka kumwambia kwamba Jumatatu nitamwambia Daktari ukweli, kwamba niliambia mtaa mzima, na tena nitaenda kwa mwinjilisti leo jioni kabla hajaandika maombi yake. Nilitaka kumwambia kwamba wale wawili wa kuegemeana labda wako, kwamba hakuna mtu amesema hawako, ni mimi tu sijawaona. Yote ilikuwa kwa ulimi, imepanga foleni, na mara ya kwanza kwa maisha yangu niliiacha ikae huko.

Ndani, Kanyiva akaita kwa sauti ya kawaida, kama ya mtu ameita jina hilo miaka mingi.

"Jamani, mtu akuje. Nthoki analia."

Niliinuka, naye akageuka. Nilikuwa na sabuni mpaka kwa viwiko, nikasimama pale pale, nikamwacha yeye aende.